Picha za FSA za Maktaba ya Bunge la Marekani: bure kabisa, ila jua unachotafuta

Ukitaka kuona jinsi Mdororo Mkuu wa Uchumi wa miaka ya 1930 ulivyoingia majumbani mwa Wamarekani, jikoni na vitandani, achana kwanza na majedwali ya wachumi. Mkusanyo wa picha wa FSA (Farm Security Administration, idara ya serikali ya Marekani iliyohudumia wakulima maskini) ulio kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani una negativu zipatazo 175,000 za nyeusi na nyeupe, pamoja na picha za rangi kama 1,600. Hujisajili, hulipi. Wapiga picha walikuwa wakifanya kazi chini ya serikali, kwa hiyo picha hazina vizuizi vya hakimiliki vinavyojulikana. Unaweza kuzichapa kitabuni au kuzitumia darasani. Ustaarabu tu ni kutaja mpiga picha na maktaba.

Wengi wanaondoka hapo wakilalamika kwamba hakuna kitu, kwa sababu wanatafuta kisichokuwepo. Ofisi iliyopiga picha hizi, chini ya Roy Stryker, ilianza mwaka 1935, na shughuli yake ilikuwa wakulima maskini. Benki karibu 9,000 zilizoanguka kati ya 1930 na 1933 hazimo. Mwaka 1933, ambapo mtu 1 kati ya 4 katika nguvu kazi hakuwa na ajira, nao haumo. Miji imepigwa picha kwa uchache ukilinganisha na mashamba. Halafu mwaka 1942 ofisi ilihamishiwa kwenye idara ya habari za vita, na kuanzia hapo utakutana na viwanda vya ndege na wanawake wa kazini. Weka mipaka ya miaka 1935 hadi 1941, vinginevyo utachanganya dhiki na maandalizi ya vita.

Kisanduku cha kutafutia kinasoma maelezo ya picha yaliyoandikwa wakati ule, kwa Kiingereza cha wakati ule. Andika “drought refugees” upate waliokimbia ukame, au “evicted” upate waliofukuzwa mashambani. Kwa picha za Wamarekani weusi itabidi uandike “Negro”, neno ambalo leo linakera. Ukitumia majina ya siku hizi utapata picha chache mno na kudhani hawakupigwa.

Kasoro inayowasumbua wageni zaidi ni picha zisizo na maelezo. Stryker alichagua zipi zichapwe; zilizoachwa hazikuandikiwa kitu. Maktaba imezipa kichwa cha kukisia, kwamba huenda zinahusiana na picha fulani. Dawa yake ni namba ya kumbukumbu. Zinazoanza na LC-USF33 ni filamu ya milimita 35, LC-USF34 ni negativu kubwa zaidi, na LC-USF342 ni zile kubwa kabisa za inchi 8 kwa 10. Namba zinazokaribiana mara nyingi ni za mpiga picha yuleyule mahali palepale, kwa hiyo tafuta namba iliyotangulia na inayofuata. Ukiona duara jeusi katikati ya picha, pengine juu ya uso wa mtu, usidhani skana imeharibika: Stryker alikuwa akitoboa negativu asizozitaka. Uharibifu huo hauna utetezi, kwa maoni yetu.

Kupakua: JPEG yatosha kwa simu. TIFF, yaani faili kubwa lenye picha kamili, huweza kufika makumi ya megabaiti na italamba bando lako, lakini kwa kazi za Walker Evans, mmoja wa wapiga picha hao, inalipa. Chukua ile ya ukuta wa jikoni Alabama, mwaka 1936. Kwenye JPEG ndogo unaona mbao tu. Ikuze TIFF, unaona vijiko na uma vimechomekwa nyuma ya kipande cha ubao kilichopigiliwa ukutani, maana kabati hakuna. Au ile ya Russell Lee ya Krismasi ya 1936 huko Iowa: watoto wanakula wakiwa wamesimama, na maelezo yanataja chakula chenyewe, viazi, kabichi na pai. Hapo ndipo mdororo unaposomeka.

Sababu, hata hivyo, hutaipata kwenye picha. Januari 1939 Arthur Rothstein alipiga familia zilizokaa na vitanda na majiko kando ya barabara kuu, New Madrid County, Missouri. Maelezo yanasema wamefukuzwa, basi. Bei ya pamba ilikuwa imeshuka kutoka takriban senti 17 kwa ratili mwaka 1929 hadi chini ya senti 6 mwaka 1931. Kuanzia 1933 serikali ikawalipa wenye mashamba wapunguze kilimo ili bei ipande. Mwenye shamba akiwaondoa wakulima wa kugawana mavuno na kuajiri vibarua, malipo hayo anabaki nayo peke yake. Wale wa barabarani walikuwa wakiandamana dhidi ya hilo. Bila kujua haya, unaona maskini tu.

Wala usiziamini picha kupita kiasi. Mwaka 1936 Rothstein alisogeza fuvu la ng’ombe huko South Dakota apate picha nzuri ya ukame, na wapinzani wa Rais Roosevelt wakalifanya hoja ya uchaguzi. Picha maarufu kuliko zote, mama wa Nipomo, California, iliyopigwa na Dorothea Lange Machi 1936, ilifutwa kidole gumba kilichoonekana kwenye pembe ya chini kulia. Linganisha skani ya negativu na ile ya chapa ya awali. Zote mbili zimo. Maelezo hayataji kwamba mama huyo alikuwa wa asili ya Cherokee, moja ya makabila ya wenyeji asilia wa Marekani.

Ukichoshwa na kisanduku cha kutafutia, Photogrammar, mradi ulioanzia Chuo Kikuu cha Yale, umezipanga picha hizohizo kwenye ramani, kaunti kwa kaunti. Ni wepesi kuliko tovuti ya maktaba, ila picha ambazo maelezo yake hayataji mahali hazionekani ramanini, na nyingi kati ya hizo ni zile zilizoachwa na Stryker. Kwa hizo rudi kwenye namba.