Rhodes au Naxos kwa mchezo wa tiara?
Anayepanga likizo ya kuteleza baharini kwa tiara nchini Ugiriki atategemea Meltemi, upepo wa kutoka kaskazini unaovuma kwa nguvu hasa Julai na Agosti. Prasonisi, ufuo ulio kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Rhodes, ina ulimi wa mchanga unaotenganisha bahari mbili, upande mmoja mawimbi na wa pili maji yaliyotulia, hivyo mwanafunzi na mzoefu hushinda hapo bila kugombania nafasi. Lakini mji wa Rhodes uko takriban kilomita 90, na jioni kazi kubwa ni kukung'uta mchanga viatuni. Mikri Vigla, ufuo wa kisiwani Naxos, iko karibu zaidi na mji wa Naxos, ingawa meli kutoka Piraeus, bandari ya Athens, huchukua saa kadhaa. Mwenye familia isiyoteleza ningemshauri Naxos.