Kipima radoni cha besimenti: kabla ya bei, tazama kama kumbukumbu yake inafutika

Lalamiko linalorudi kwa wasomaji walioko Iowa, jimbo la Marekani, ni moja: kipima cha radoni, gesi ya mionzi inayotoka ardhini, kinaonesha 3.7 kwenye besimenti (chumba cha chini ya nyumba), mtaalamu akija kupima besimenti ileile anapata 8. Vifaa vyote viwili vinaweza kuwa vizima. Tatizo ni kumbukumbu, na wauzaji hawaizungumzii kabisa.

Vipima vingi vya kidijitali huonesha wastani wa muda mrefu. Tuseme kilikaa chumba cha juu siku 60 kwenye pikokyuri 1.5 kwa lita (kipimo cha mionzi ya radoni hewani), kisha kikashushwa besimenti yenye 8 kwa siku 30. Wastani utasoma 3.7, chini ya 4 ambayo EPA, shirika la mazingira la Marekani, inashauri nyumba irekebishwe. Familia inalala chini kwa amani huku ikivuta hewa yenye mara mbili ya kiwango hicho. Kila unapokihamisha, kifute. Ukifunga feni ya kutoa radoni, kifute pia, la sivyo namba za zamani zitakufanya udhani feni haifanyi kazi.

Suala hili si dogo. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hupanda kutoka udongo wenye urani kupitia nyufa za sakafu na shimo la pampu ya maji. EPA inakadiria inaua watu 21,000 kila mwaka Marekani kwa saratani ya mapafu, na kaunti zote 99 za Iowa ziko Kanda ya 1, ile ya hatari kubwa.

1. Airthings Corentium Home. Hiki nakipendelea waziwazi. Hakihitaji intaneti, simu wala akaunti. Betri 3 ndogo za AAA zinatosha. Skrini inaonesha wastani wa muda mrefu, na chini yake namba ya siku 1 ikipokezana na ya siku 7. Nyuma kuna kitundu: ingiza ncha ya kipini, bonyeza, kumbukumbu imefutika. Udhaifu wake ni kuchelewa kutoa namba ya kuaminika. Namba ya siku ya kwanza usiitegemee. Subiri angalau wiki, na mwezi ni bora zaidi.

2. EcoQube ya Ecosense. Inaitikia haraka, kwa hiyo inafaa kuona kama feni mpya inashusha kiwango. Lakini inategemea umeme wa ukutani, Wi-Fi na programu ya simu. Kwa mzee anayeishi peke yake chini, siipendekezi.

3. Kibao cha alama za alfa, yaani kipande cha plastiki ambacho mionzi ya radoni huacha alama juu yake. Unakiacha siku 90 hadi mwaka, kisha unakituma maabara. Hakina betri, na jibu lake ni la kuaminika. Andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kwani bila hizo maabara haiwezi kukokotoa.

4. Kopo la mkaa. Bei ni ndogo, siku 2 hadi 7 kutegemea aina. Funga madirisha kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza na muda wote wa kipimo. Litume maabara siku ileile kipimo kinapoisha: nusu ya radoni iliyonaswa huvunjika kila baada ya siku 3.8, na unyevu wa besimenti nao unaharibu mkaa.

Chochote utakachonunua, kiweke angalau sentimita 50 juu ya sakafu, 30 kutoka ukuta wa nje na 90 kutoka mlango au dirisha. Usikiweke kwenye chumba cha kufulia.

Kinachonikera ni maduka yanayouza kopo la mkaa kwa bei ya kuvutia bila kuandika mbele ya boksi kwamba ada ya maabara ni ya ziada. Mtu analifungua nyumbani ndipo anakuta fomu ya malipo, na wengi wanaishia hapo, nyumba haipimwi. Makopo mengine yamekaa rafuni hadi muda wake umepita. Geuza boksi usome tarehe kabla ya kulipa. Uliza kwanza idara ya afya ya kaunti, nyingi zinayauza kwa bei nafuu, ada ya maabara ikiwa ndani yake. Na kampuni ikikupimia bure kisha ikakuletea hesabu ya feni siku hiyohiyo, pima upya mwenyewe kabla ya kutia saini.