Voltz yangu: Pontiac iliyovaa nembo ya Toyota

Nianze na buti, maana buti ndilo lililonifanya niinunue hii Toyota Voltz. Mimi ni muuza samaki. Nachukua mzigo Feri hapa Mtwara alfajiri, napeleka Ndanda na Masasi kwa wenye hoteli na mama ntilie: pweza, ngisi, changu, na bahari ikikubali, nguru. Aliyewahi kubeba samaki kwenye gari ndogo anajua habari yake. Barafu inayeyuka, deli linavuja hata kama muuzaji alikuapia halivuji, maji yanaingia kwenye zulia, na zulia likishakunywa yale maji gari hiyo huiuzi tena, labda umuuzie adui yako. Gari yangu ya kwanza iliishia hivyo. Mwanangu alikuwa anashukia mbali na geti la shule ili wenzake wasimnuse.

Voltz haina zulia kwenye buti. Sakafu yake ni plastiki ngumu, na migongo ya viti vya nyuma nayo ni plastiki. Ukivilaza vinalingana na sakafu, unapata kama meza moja ndefu. Kiti cha abiria wa mbele nacho kinalala. Nimeshabeba bomba za mabati za kibanda changu kutoka Mtwara mpaka Mtama, ncha moja iko kwenye dashibodi, nyingine inagusa kioo cha nyuma, na milango yote imefungwa. Jioni nafuta kwa dekio lenye maji ya sabuni na ndimu, naacha wazi juani kidogo, kesho yake nampakia mama mkwe na haulizi kitu. Tatizo ni zile reli mbili za kufungia mizigo zilizopita sakafuni. Magamba ya changu hujificha humo na hayatoki kwa dekio. Nimeyatengea mswaki wa zamani, unakaa kwenye kimfuko cha mlango.

Kitu kingine: kioo cha nyuma kinafunguka peke yake bila kuinua mlango mzima. Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Mingoyo, mteja akinipungia mkono sizimi hata gari. Nafyatua kioo, nampa pweza wake, nafunga, naondoka. Barafu haipati hata habari.

Niliinunua 2019, namba C, kwa milioni tisa, mkononi kwa mtu wa Dar. Kuagiza Japani nilikwishapiga hesabu nikaona ushuru wa uchakavu utanimaliza. Miaka yote hiyo nilijua nina Toyota. Nembo iko mbele, iko nyuma, iko katikati ya usukani. Kadi inasema Toyota. Nani angebisha?

Aliyenifumbua macho ni mbuzi. Aprili 2024, karibu na Nyangao, alitoka kichakani akaingia upande wangu wa kushoto, taa ikasambaratika. (Mwenye mbuzi alidai laki na nusu. Tulielewana kwa elfu themanini, na nyama akabaki nayo yeye.) Fundi wangu wa Chikongola, kijana ninayemwamini kuliko baadhi ya ndugu zangu, aliizunguka gari, akapiga goti, akasimama.

“Mama, injini ya hii hata saa nane usiku nakutafutia spea. Taa hii, hapa Mtwara huipati.”

“Mbona ni Toyota?”

“Toyota ndani. Nje sijui ni nani.”

Nikapiga simu Dar, duka moja la spea. Yule kaka alicheka kwanza. “Mama yangu, hiyo ni Pontiac Vibe, gari ya Mmarekani. Kampuni yenyewe ilishakufa.” Nilihisi kama mtu aliyeambiwa baada ya miaka mitano kwamba mume ana jina jingine huko kwao.

Mpwa wangu ndiye aliyenisomea habari zake, na nikiri zimenikaa kichwani. Pontiac ni mji wa jimbo la Michigan. Hapo mwaka 1907 ilianzishwa kampuni ya magari inaitwa Oakland, General Motors wakaichukua 1909. Mwaka 1926 wakatoa gari ya bei nafuu iwe mdogo wake Oakland, wakaiita Pontiac. Mdogo akauza kuliko mkubwa, na ilipofika 1931 Oakland ikafungwa, Pontiac ikabaki na nyumba. Jina lenyewe ni la kiongozi wa Waodawa, wenyeji wa kule, aliyepigana na Waingereza mwaka 1763 na kuizingira ngome ya Detroit. Niliposikia hivyo nikamfikiria Machemba wetu, yule mkuu wa Wayao aliyekuwa huku juu kwenye uwanda wa Makonde na kuwagomea Wajerumani mwaka 1890. Hebu fikiria unasimamishwa na trafiki: “Mama, lete leseni, na hiyo Machemba yako taa moja haiwaki.”

Enzi zao hawa Pontiac walikuwa watu wa mbio. Miaka ya 60 walishika nafasi ya tatu kwa mauzo Marekani, nyuma ya Chevrolet na Ford. Kwa toleo la mwaka 1964 mhandisi wao John DeLorean na wenzake walichukua injini ya lita 6.4, wakaipachika kwenye gari ya saizi ya kati, wakaiita GTO. Wakubwa wa General Motors walikuwa na sheria ya kukataza injini kubwa kiasi hicho kwenye gari ya saizi hiyo, basi wao wakaiandika kama nyongeza anayochagua mteja, sheria ikapitwa pembeni. Mtu wa minada ataielewa akili hiyo haraka. Walitarajia kuuza elfu tano, wakauza zaidi ya elfu thelathini mwaka huohuo.

Halafu wakazeeka vibaya. General Motors wakawa wanachukua gari moja, wanaivalisha nembo tofauti, leo Chevrolet kesho Pontiac, mteja akawa haoni sababu ya kuchagua. Mwaka 2000 wakatoa kitu kinaitwa Aztek. Mpwa wangu alinionyesha picha nikadhani imegongwa. Mtikisiko wa uchumi wa 2008 ukawakuta hivyo. Tarehe 27 Aprili 2009 wakatangaza kuifuta Pontiac, Juni mosi General Motors wenyewe wakaomba kinga ya kufilisika, na wakabaki na majina manne tu kule kwao: Chevrolet, Cadillac, Buick na GMC. Mwisho wa 2010 Pontiac ilikuwa imeshazikwa.

Sasa yangu inaingia wapi? Kuanzia 1984 General Motors na Toyota walikuwa na kiwanda cha ubia mji wa Fremont, California. Hapo ndipo ilipoundwa Vibe, juu ya mifupa ya Corolla, kwa injini ya Toyota na sura ya Pontiac. Na humohumo wakaunda nyingine zenye usukani wa kulia, wakazipa nembo ya Toyota na jina la Voltz, wakazipeleka Japani. Wajapani hawakuzipokea, ziliuzwa 2002 mpaka 2004 basi. Kwa hiyo gari yangu ilizaliwa Marekani, ikavuka Pasifiki kwenda kukataliwa, ikavuka tena Bahari ya Hindi kuja kubeba ngisi. Kiwanda kilifungwa Aprili mosi 2010, na leo ndimo wanamotengeneza Tesla.

Turudi barabarani. Injini ni 1ZZ, cc 1800, ndugu moja na ya Premio, Allion na Wish za 1.8. Ina cheni, si mkanda, kwa hiyo hakuna wasiwasi wa mkanda kukatika katikati ya Mtama na Nyangao. Mtwara–Masasi kwenda na kurudi ni kama kilomita 400, na nikiwa na mzigo natumia lita 35 hivi. Tanki ni lita 50, safari inaisha bila kuomboleza kituoni. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, imetulia, haiyumbi upepo wa malori ukipita. Mlimani ni hadithi nyingine. Nikiamua kupandia njia ya Newala na deli tatu zimejaa, gia inarudi chini, injini inapiga kelele kama imetukanwa, na spidi haiongezeki. Vumilia tu, utafika.

Kelele za matairi zinaingia ndani sana. Viti vya mbele vigumu. Baada ya saa mbili unajua umekalia kitu. Nyuma huoni vizuri, vioo vya pembeni ya buti ni vidogo na nguzo zake nene, na nimeshagusa ukuta wa jirani mara mbili nikirudi kinyumenyume. Ila usiku, dashibodi inapowaka ile rangi nyekundu na mishale imezama kwenye vikombe vyake, hapo ndipo ninapomwona Pontiac. Toyota za wenzangu haziwaki namna hiyo.

Mchanga wa ufukwe wa Msimbati usijaribu kama yako ni ya kuvuta mbele tu kama yangu. Mimi nilijaribu. Vijana sita walinisukuma, nikawalipa kwa vibua.

Oili ndiyo ya kuangalia kabla ya yote. Aliyeniuzia alikuwa mtu wa kuahirisha sevisi, na 1ZZ iliyocheleweshewa oili pete za pistoni zinaganda, inaanza kunywa. Yangu inakunywa kama nusu lita kila kilomita elfu moja. Haitoi moshi wa kuonekana, haiwashi taa yoyote, inakunywa kimyakimya. Kila Jumapili navuta kijiti, na galoni ndogo ya oili haitoki kwenye gari. Ukienda kununua Voltz, vuta kijiti kabla hujaulizia bei, na umwambie fundi akanyage mafuta injini ikiwa ya moto, wewe simama nyuma uangalie ekzosi.

Spea za ndani hazinisumbui. Plagi, bushi, shokapu, bomba la maji, vyote nimepata hapahapa mjini, vingine kwa bei ya Corolla. Yatima ni bodi. Bampa, taa, mashavu, ile plastiki ya kijivu inayozunguka chini, vyote ni vya Pontiac, na Pontiac hayupo wa kutengeneza vingine.

Kuhusu ile taa sasa. Duka la Dar liliniambia wanayo ya Vibe, imetoka Marekani, inaingia bila shida. Nikatuma pesa. Mei mwaka huohuo Kimbunga Hidaya kikaja, barabara ya Kibiti–Lindi ikakatika, taa yangu ikabaki Dar na mimi nikabaki na jicho moja, siendi popote baada ya magharibi. Ilipofika hatimaye, kweli iliingia, skrubu kwa skrubu. Nilifurahi mpaka usiku wa kwanza. Kila lori la korosho nililopishana nalo lilinipigia taa za juu. Nikadhani mwanga umekaa juu, fundi akaushusha. Wapi. Akaisogeza gari mbele ya ukuta, akawasha, tukaona wenyewe: taa ya kulia inamulika kando ya barabara upande wa kushoto, ile mpya inamulika kulia, usoni kwa anayekuja. “Wamarekani wanaendesha kulia, mama, taa zao zinatazama kwao,” fundi akasema.

Duka halikurudisha pesa. Walisema taa nzima, inawaka, kosa liko wapi.

Fundi ameibana na kuibandika utepe mweusi kipande cha juu, inasaidia kidogo, lakini safari za usiku nimepunguza. Mtu akiniuliza kama ningeinunua tena, namjibu kwamba buti hili sijaliona kwenye gari nyingine ya bei hii, na kwa biashara yangu hilo linatosha. Kama wewe ni wa kwenda ofisini na kurudi, chukua Toyota Runx, utalala usingizi.

Wiki iliyopita dalali mmoja wa Masasi alinipigia. Anayo Voltz iliyogongwa nyuma vibaya, mbele nzima, mwenyewe anataka kuiuza kwa wapima chuma chakavu. Nimeshamtumia fundi nauli akaiangalie. Taa zote mbili zikiwa nzima, nachukua gari yote.