Kuzunguka Ziwa Reschen na baiskeli ya kukodi: changarawe nyingi, magari hakuna

Jamani nimerudi jana na mapaja bado yanauma ila nimeona niandike leo leo kabla sijasahau, maana wengi wetu tuko huku Austria, Ujerumani na Italia ya kaskazini, wikiendi inaisha tumejifungia ndani, na ukimwambia mtu twende tukaendeshe baiskeli anakujibu siwezi, naogopa magari. Hii nawaandikia nyie mnaoogopa magari.

Ziwa lenyewe Wajerumani wanaliita Reschensee, Waitaliano Lago di Resia, liko Italia upande wa Tirol ya Kusini, ukivuka tu mpaka wa Austria pale Nauders umeshafika, na wenyeji wengi wanaongea Kijerumani japo ni Italia. Liko mita 1,498 kutoka usawa wa bahari, yani Nairobi iko juu zaidi, ila usidanganyike, hii ni Alps, sisi tulienda Agosti na asubuhi nilivaa jaketi. Mzunguko mzima ni kama kilomita 15. Kwa aliyezoea ni kitu cha saa moja na nusu, sisi tulichukua masaa manne na sijutii hata dakika moja.

Tulitokea Innsbruck, treni mpaka Landeck halafu mabasi. Ukitokea upande wa chini kuna treni ya kutoka Merano inaishia Mals, hapo unapanda basi la kupandisha mlima. Bebeni pasi na kibali cha ukaazi, mpakani geti hakuna ila polisi wakitaka kukagua wanakagua.

Nilienda na dada yangu mkubwa, amekuja kunitembelea kutoka Dar. Huyu dada ndo alinifundisha baiskeli nikiwa mdogo, Phoenix ya baba, mguu unapitishwa katikati ya fremu kwa sababu siti hufikii. Ila mwaka 2016 bajaji ilimgonga kwa nyuma, mkono ukavunjika, na tangu siku hiyo hajapanda tena. Kumshawishi ilinichukua wiki nzima, na alikubali kwa sharti moja tu, akiona gari anashuka anatembea kwa miguu.

Tulikodi baiskeli pale pale kijijini Reschen, mimi nikachukua ya gravel, ile ya usukani uliokunjwa kama ya mashindano ila matairi mapana, yeye akachukua ya kawaida ya usukani ulionyooka. Tukaanzia upande wa magharibi. Kuna vipande vya lami mwanzoni, baadae inakuwa changarawe, msitu mkono wa kulia, maji mkono wa kushoto, vilima vidogo vidogo vya kupanda na kushuka ila hakuna cha kukukata pumzi.

Sasa nisikilizeni hapa. Dada kilomita mbili za kwanza alikuwa anageuza shingo kila baada ya sekunde chache. Anakanyaga mara nne, anageuka. Anakanyaga mara nne, anageuka. Baiskeli inayumba kwa sababu ukigeuka usukani nao unafuata, nikamwambia dada nyuma niko mimi, akasema najua, shingo inageuka yenyewe. Na mimi nikajitambua kwamba nafanya hivyo hivyo, sema mimi nafanya kwa masikio. Ukiendesha barabarani masikio yanabaki nyuma muda wote, unasikiliza injini, unapima lile lori liko mbali kiasi gani, hata ukiongea na mwenzako nusu ya akili iko nyuma. Pale hakuna cha kusikiliza nyuma. Unasikia changarawe inavyolia krrrr chini ya tairi, maji yanapiga mawe, ng'ombe wa juu huko na kengele zao shingoni. Katikati ya msitu nikaona amenyooka, anaangalia mbele tu, bega limeshuka, anaendesha kama yule wa zamani, na hapo nikanyamaza nisije nikamshtua.

Watembea kwa miguu wapo, wengine na watoto na mbwa, kwa hiyo punguza mwendo na piga kengele mapema, piga mara moja kwa utaratibu, wanakupisha na wanakusalimia.

Kilichoniharibia upande huo ni matairi. Duka walijaza upepo matairi yangu mpaka yakawa magumu kama jiwe, labda yangefaa kwenye lami ila kwenye kokoto kila kijiwe unakihisi mpaka kwenye meno, viganja vikaanza kufa ganzi na kwenye mteremko tairi la mbele linarukaruka halishiki chini. Nikasimama. Valvu za hizi baiskeli ni nyembamba, juu kuna kinati kadogo, unakilegeza kwa vidole halafu unabonyeza, pssss, kidogo kidogo, unaminya tairi kwa dole gumba mpaka ubavu ubonyee kidogo. Nimetoa upepo mbele na nyuma, kuanzia hapo ni baiskeli nyingine kabisa, tairi linakumbatia kokoto badala ya kupigana nazo. Duka linalokodisha baiskeli za changarawe, na changarawe iko mita chache kutoka mlangoni, hilo walitakiwa wajue bila kuambiwa.

Mwisho wa kusini, pale St. Valentin, unavuka juu ya bwawa. Simama hapo. Ukiangalia kusini unauona Ortler, mlima wa mita 3,905, mweupe, na siku ikiwa safi kama tulivyobahatika sisi hutamani kuondoka. Na hapo ndo upepo unakukuta, karibu na saa sita mchana ulianza kuvuma kweli kweli, wale wa kuteleza majini na tiara kubwa wakaanza kuingia ziwani. Kwa hiyo ushauri wangu fanyeni kama sisi, teremkeni magharibi asubuhi pakiwa pametulia, mrudi mashariki na upepo mgongoni.

Upande wa mashariki niseme ukweli, barabara kuu inapita karibu. Njia ya baiskeli imetengwa, huchanganyiki na magari, ila unayasikia. Dada shingo ilianza tena, ila hakushuka.

Halafu unafika Graun. Mnara wa kanisa umesimama ndani ya maji, wenyewe tu, wa karne ya 14. Watu wamejaa pale wanapiga picha na nawaelewa, ila naomba msome kwanza kilichotokea. Mwanzo palikuwa na maziwa mawili ya asili, kampuni ya Montecatini ikajenga bwawa la umeme, maji yakapandishwa mita 22, na mwaka 1950 kijiji cha zamani cha Graun na sehemu ya Reschen vikazama, nyumba 163, hekta 523 za ardhi. Tangazo la mradi lilibandikwa kwa Kiitaliano kwa watu wanaosoma Kijerumani. Padri wao alienda mpaka kwa Papa, haikusaidia. Mnara uliachwa kwa sababu ulikuwa kwenye ulinzi wa majengo ya kale, kengele zikashushwa Julai 1950, na wenyeji wana simulizi kwamba wakati wa baridi ziwa likiganda bado zinasikika. Dada alikaa kwenye ukingo muda mrefu, baiskeli imelala pembeni, akaniuliza, na mashamba waliyokuwa wanalima yote yako humo chini? Nikamwambia ndio. Akaanza kusimulia habari za shamba la bibi, mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia.

Chakula tulikula huko huko, agizeni knödel, madonge ya mkate yanayochemshwa, yanashibisha vizuri. Kama huli nguruwe uliza kabla, maana speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, inachanganywa humo humo ndani ya donge, huioni mpaka umekata. Za spinachi au jibini zipo.

Msiende mwanzo wa majira ya kuchipua, maji yanakuwa yamepungua na unakuta tope na vumbi mpaka kwenye mguu wa mnara. Juni mpaka Septemba panapendeza. Baiskeli msilipie siku nzima, nusu siku inatosha na muda wa kukaa unabaki. Njia naipa nyota tano bila kusita, duka nawapa tatu, wastaarabu, baiskeli safi, breki zinashika, na dada walimshushia siti mara mbili bila kununa. Ila mkifika kwenye duka lolote la kukodi, semeni uzito wenu na mnaenda njia gani kabla jamaa hajashika pampu.