Cherehani kuukuu ya kufanyia kazi: ipi ushike kwanza na ipi uiache

Kichwa cha cherehani cha chuma kilichotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 hakichoki kirahisi. Kikisafishwa na kutiwa mafuta, kinashona sare za shule kutwa nzima bila kulalamika. Kinachochoka ni vitu vidogo: ndoana inayodaka uzi chini, kikasha cha bobini (kigurudumu kinachobeba uzi wa chini), meno yanayosukuma kitambaa na bamba la sindano. Ndiyo maana mwongozo huu hauzipangi mashine kwa uzuri wala kwa umri. Tumezipanga kwa swali moja ambalo fundi atakutana nalo mapema: kitu cha chini kikivunjika Jumatatu asubuhi, utapata kingine kabla ya jioni?

Mpangilio huu ni kwa fundi wa nguo za kawaida anayetaka cherehani ya kukanyaga kwa kazi ya kila siku. Wa viatu na mabegi watapata lao mbele.

Nafasi ya kwanza: Singer 15K

Herufi K inaonyesha mashine ilitoka kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilichofungwa 1980. Aina ya 15 ina bobini ya kusimama inayoingia upande wa kushoto ndani ya kikasha cha chuma, na ndoana yake haizunguki mzunguko kamili bali inakwenda na kurudi. Umbo hilo lilinakiliwa Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kisha China na kwingineko, na hiyo ndiyo faida yako: bobini, kikasha, ndoana, miguu ya kukandamizia na springi za tensheni ziko kwa wauza spea karibu kila mji wenye mafundi. Sindano yake ni 15x1, ileile yenye upande mmoja bapa inayouzwa kwa cherehani nyingi za nyumbani, wakati mwingine kwa jina la 130/705H. Namba 11 ni kwa vitambaa laini, 14 kwa kitenge na sare, 16 kwa khaki, 18 kwa jinzi.

Kasoro yake ni moja ya kuangalia mapema: matoleo ya mwanzo hayarudi nyuma. Mshono unapangwa kwa skrubu na hakuna njia ya kufunga ncha ila kugeuza kitambaa. Kwa anayeshona suruali nyingi hilo linakula muda, hivyo tafuta yenye wenzo wa kupanda na kushuka unaorudisha mshono nyuma.

Ya pili: Butterfly za zamani na nakala nyingine za aina ya 15

Usizidharau kwa sababu si Singer. Ndani ni mfumo uleule, na spea ni zilezile kwa sehemu kubwa. Tofauti iko kwenye umaliziaji: moja inakuja laini, nyingine fito zake zinacheza tangu mwanzo. Kwa hiyo hapa unanunua mashine uliyoishika mkononi, hununui jina. Butterfly isiyocheza, yenye ndoana nzuri, inaishinda Singer 15K iliyochoka, na mara nyingi itakuacha na pesa ya meza na mkanda mpya.

Ya tatu: Singer 201K

Kwa ushonaji wenyewe, hii ndiyo bora kuliko zote katika orodha. Ndoana yake inazunguka mzunguko kamili, imelala chini ya bamba, na nguvu inafika kwa giya za chuma. Mshono unatoka mnyoofu, mashine haipigi kelele na inarudi nyuma. Tumeishusha hadi ya tatu kwa sababu ya spea tu. Bobini yake ni ya aina ya 66, iliyobinuka kidogo pande zote mbili. Ile ya 15 ni bapa, kipenyo karibu milimita 20 na kimo milimita 11.7, na watu huzichanganya, kisha wakashangaa mshono unaruka. Ndoana ya 201 ikiumia, unaweza kusubiri wiki kadhaa kuipata. Ukiipata nzima, iliyokamilika, ichukue bila kusita. Ikikosa kipande chochote chini ya bamba, iache.

Tahadhari kwa wanaoletewa na ndugu walioko Marekani: matoleo ya huko yenye mota ya ndani ni ya volti 110. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 220 hadi 240 bila transfoma, mota inaungua. Hata transfoma ikiwepo, kagua nyaya, kwa maana mpira wa zamani hukauka na kupukutika ukiushika.

Ya nne: Singer 66K na mdogo wake 99K

Mashine nzuri za nyumbani. Bobini inawekwa kutoka juu, ni ya aina ya 66. Ile 99K ni ndogo, robo tatu ya ukubwa wa 66, na nyingi ni za mkono. Nafasi chini ya mkono wake ni finyu kwa gauni lenye pande nyingi. Baadhi ya 66 za mwanzo hufungwa mguu wa kukandamizia kwa nyuma badala ya pembeni, na miguu hiyo ni shida kuipata.

Ya mwisho: 27K, 28K, 127K na 128K

Hizi ndizo zenye mapambo yanayovutia macho sokoni, na ndizo tunazoomba usinunue kwa kazi. Hazina bobini ya duara. Zina kijiti chembamba kirefu ndani ya chombo chenye umbo la risasi kinachoyumba mbele na nyuma. Kijiti hicho kinabeba uzi kidogo, kwa hiyo utasimama mara kwa mara kukijaza, na chombo chake kikipotea umepoteza mashine.

Kwa fundi viatu, mashine ni Singer 29K yenye mkono mrefu mwembamba, ambayo mguu wake unageuka pande zote. Sindano yake ya ngozi ni 29x3, ya kitambaa ni 29x4. Angalia giya zilizo kichwani: zikilika, sindano inachelewa na mishono inaruka hata ukibadilisha sindano mara kumi.

Kabla hujatoa pesa

Nenda na sindano mpya namba 14, nyuzi za rangi mbili, bobini mbili, bisibisi, tochi ya simu, kipande cha kitenge na kipande cha jinzi.

Anza na chuma. Mulika chini ya kichwa, kwenye matundu ya bawaba na mahali mkono unapoungana na kitako. Ufa wa chuma cha kumimina hauchomelewi kirahisi, na rangi mpya nene mara nyingi imepakwa ili kuuficha. Papasa namba: kwenye Singer halisi imegongwa ndani ya chuma upande wa kulia wa kitako, haikubandikwa.

Kisha shika fito ya sindano kwa vidole viwili, uitikise kushoto na kulia. Mtetemo mdogo sana unavumilika. Ikigonga, tundu lake limepanuka, na kulirudisha kunahitaji mtu wa leith, mashine ya kuchonga chuma. Zungusha gurudumu polepole kuja upande wako, kamwe si kinyume, kwa sababu kinyume hufunga uzi chini. Uzito ulio sawa mzunguko mzima ni mafuta yaliyoganda, jambo dogo. Uzito unaokuja mahali pamoja tu kila mzunguko ni fito iliyopinda au kitu kimegongana, na hapo uwe na shaka.

Toa bamba la sindano. Pitisha ukucha kwenye ncha ya ndoana: iwe kali na laini. Kutu yenye mashimo kwenye njia inamopita ndoana haitoki kwa msasa. Meno yakiwa mviringo badala ya makali, jinzi haitasogea. Tundu la bamba lenye mikwaruzo ya sindano hukata uzi; mikwaruzo midogo unaisugua kwa msasa namba 1000 uliokunjwa kwenye uzi mnene, mikubwa unabadilisha bamba.

Mwisho shona. Rangi moja juu, nyingine chini, kitenge tabaka moja, kisha jinzi tabaka nne. Ukiona rangi ya juu inatokeza chini, tensheni ya juu imelegea. Uzi wa chini ukipanda juu, ya juu imekaza mno au springi ya kikasha imelegea. Hayo yanarekebishika. Mishono inayoruka hata kwa sindano mpya iliyokaa vizuri ndiyo itakayokupa kazi.

Kuifufua

Mashine iliyoganda haivunjwi kwa spana. Mara nyingi chanzo si kutu bali mafuta ya kupikia au oili ya injini yaliyogeuka gundi. Dondoshea mafuta ya taa kila tundu na kila mahali chuma kinasugua chuma, mbali na jiko, uache usiku kucha. Asubuhi jaribu gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma kidogo kidogo, uongeze tena. Siku mbili hadi tatu ni kawaida. Ikianza kuzunguka, endelea mpaka yanayotoka yawe safi, ufute yote, kisha tia mafuta ya cherehani mara moja. Ukisahau hatua hiyo, mafuta ya taa yakikauka yanaacha chuma kikavu, na ndani ya wiki fito inaanza kulika.

Rangi na maua ya dhahabu visafishe kwa mafuta ya cherehani na kitambaa cha pamba tu. Spiriti na thina hula vanishi na maua yanaondoka nayo. Hili linatuuma tunapoliona, kwa sababu harudishi mtu.

Skrubu ngumu zinataka bisibisi yenye upana kamili wa mfereji, la sivyo mfereji unachanika.

Ukifungua kitasa cha gurudumu na kukirudisha, pengine gurudumu halitaachia wakati wa kujaza bobini. Toa ile washa ndogo yenye masikio, igeuze nusu mzunguko, urudishe.

Kama mishono bado inaruka, pima sindano na ndoana. Shusha sindano hadi chini kabisa, kisha ipandishe milimita 2 hadi 2.5. Hapo ncha ya ndoana iwe katikati ya sindano, na jicho la sindano liwe karibu milimita 1.5 chini ya ncha hiyo. Fito ikiwa chini au juu mno, legeza skrubu yake na uisogeze. Hakikisha pia upande bapa wa sindano unaelekea ndoana, na uzi unaingia kutoka upande wa mfereji. Kosa hilo dogo ndilo limezipa mashine nyingi nzima sifa ya ubovu.

Upande wa meza, kagua fimbo inayounganisha kanyagio na gurudumu kubwa. Ikigonga, kaza skrubu za ncha zilizo pande mbili za kanyagio kidogo, uache kanyagio iende kwa uhuru. Mkanda wa ngozi wa duara, unene karibu milimita 5, unahitaji takriban mita 1.8. Uzungushe kwenye magurudumu yote mawili, ukate pungufu ya sentimita moja au mbili, utoboe na ufunge kwa pini iliyolala bapa. Ngozi mpya hulegea baada ya siku chache za kazi, punguza tena. Mkanda uliokaza kupita kiasi unafanya kanyagio iwe nzito na unakula beringi.

Mashine inayofanya kazi kutwa inataka tone moja au mawili kila tundu kila siku, jioni baada ya kusafisha vumbi la nyuzi kwa brashi chini ya bamba. Asubuhi shona kitambaa chakavu kwanza ili mafuta ya ziada yatoke humo, yasiingie kwenye nguo ya mteja.

Kuhusu mota: kwa 15K, mota ndogo ya nyumbani ya wati 80 hadi 100 inatosha sare na magauni. Usiifunge mpaka mashine imezunguka laini kwa mkono na kwa mguu, kwa sababu mota huficha ugumu uliopo mpaka ndoana ivunjike, au koili iungue.