Kliniki ya ngozi, Ganjoni: kwa mgonjwa anayetumia fingolimodi

Nilimsindikiza dada yangu katika kliniki moja ya ngozi mtaani Ganjoni, Mombasa, kwa sababu anatibiwa malitipo skelerosisi (multiple sclerosis), ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva, kwa vidonge vya fingolimodi, dawa inayozuilia chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti ndani ya tezi za limfu ili zisiushambulie utando wa neva, na ambayo kwa kazi hiyo hiyo huuacha mwili wazi kwa virusi na kwa aina fulani za saratani ya ngozi. Daktari alilifahamu hilo kabla hatujalieleza. Alimkagua kuanzia utosini hadi nyayoni, hata katikati ya vidole vya miguu, akikitazama kwa lenzi kila kidoa alichokitilia shaka. Kisha akauliza kama aliwahi kuugua tetekuwanga au kuchanjwa, kwa kuwa virusi vyake hujificha kwenye neva na baadaye huamka vikaleta mkanda wa jeshi. Malengelenge yenye maumivu upande mmoja wa mwili, alisema, yasisubiriwe, kwani asikloviri, dawa ya kupambana na virusi hivyo, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Alionya pia juu ya chanjo zenye virusi hai na juu ya jua la pwani, ambalo wengi wetu hulidharau.

Mapokezi ni jambo jingine. Foleni haina mpangilio, na mhudumu hutaja ugonjwa wa mtu kwa sauti mbele ya hadhira nzima. Hata hivyo tutarudi kwa ukaguzi ujao, hasa kwa sababu barua ya kumpelekea daktari wa neva iliandikwa na kukabidhiwa siku hiyo hiyo.