Seti ya Gia ya Kununua: Nilivyozipanga za Barabarani na za Milimani

Kwenye rafu yangu ya zana kuna kaseti mpya, yaani fungu la sproketi (vigurudumu vya meno) 12 za gurudumu la nyuma, ambayo haijawahi kuzunguka hata mara moja. Niliinunua baada ya kuhesabu gia tu, nikasahau kuangalia kikalio chake, yaani ile silinda yenye mifuo iliyo kwenye habu ya gurudumu la nyuma, ambayo kaseti huvishwa juu yake. Nilipoivisha iligoma palepale mwanzoni mwa mifuo, kwa kuwa kaseti ilikuwa ya Micro Spline na habu yangu ilikuwa ya Hyperglide, aina mbili za kikalio za Shimano zisizoingiliana, na hapo hakuna grisi wala nyundo inayosaidia. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Tangu siku hiyo sizipangi seti za gia kwa idadi ya gia wala kwa gramu zilizopunguzwa, bali kwa swali moja: sehemu moja ikichakaa, nitaibadilisha peke yake, au nitalazimika kubadilisha na majirani zake wote?

Seti ya gia ni nyenzo za kubadilishia gia, vibadili gia vinavyosukuma cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, cheni yenyewe, kaseti, mikono ya pedali pamoja na sproketi za mbele, na mara nyingi breki pia. Zamani sehemu hizi ziliweza kutoka kwa watengenezaji watano tofauti na baiskeli ikaenda vizuri, kwa sababu wenzo wa gia haukuwa na vituo. Mwendeshaji aliusogeza taratibu huku akisikiliza, na cheni ilipoacha kukwaruza alijua imekaa. SunTour ya Japani ilikuwa imekwisha kurahisisha kazi hiyo mwaka 1964 kwa kibadili gia cha nyuma kilichopinda kufuata mteremko wa sproketi, umbo ambalo bado linatumika leo. Kisha mwaka 1984 Shimano ikaleta, kupitia seti yake ya Dura-Ace, wenzo unaotoa mlio: kila mlio ulivuta waya kwa kipimo maalumu na gia ikaingia bila kubahatisha. Ulikuwa ufumbuzi mzuri mno, lakini ndio pia ulioanzisha ndoa ambayo mnunuzi wa leo anaingia nayo dukani, kwani tangu hapo kipimo cha kuvuta waya, umbo la kibadili gia na nafasi kati ya sproketi lazima vikubaliane hadi sehemu ndogo za milimita.

Yaliyofuata yalizidi kuikaza ndoa hiyo. Mwaka 1990 Shimano iliunganisha wenzo wa gia na wa breki kwenye baiskeli za barabarani, na Campagnolo ya Italia ikafuata kwa Ergopower mwaka 1992. Idadi ya sproketi za nyuma ikapanda kutoka saba hadi 12, na kwenye seti ya Ekar ya Campagnolo ya mwaka 2020 ikafika 13, huku cheni ikizidi kuwa nyembamba ili ipite katikati yake. Upande wa milimani, ambako Shimano ilikuwa imeanza na Deore XT mwaka 1982, SRAM ya Marekani ndiyo iliyovunja mazoea. Mwaka 2012 seti yake ya XX1 iliondoa kabisa kibadili gia cha mbele na kubakiza sproketi moja mbele na 11 nyuma, na mwaka 2016 Eagle ikafikisha 12, sproketi ndogo kabisa ikiwa na meno 10 na kubwa kabisa 50.

Jambo la kufurahisha kwa mwenye mfuko wa kawaida ni kwamba ufundi huu hushuka ngazi haraka. Sproketi 12 za Shimano za milimani zilitoka kwenye XTR, ngazi yake ya juu kabisa, mwaka 2018, na kufikia 2020 zilikuwa kwenye Deore, ya ngazi ya chini zaidi. Za barabarani zilianza na Dura-Ace, ya juu kabisa, mwaka 2021, na mwaka 2023 zikapatikana kwenye 105, ya ngazi ya kati, inayovutwa kwa waya badala ya umeme. Anayenunua ngazi ya juu kabisa analipia wepesi, na analipia pia kuwa wa kwanza.

Baiskeli za barabarani

Nafasi ya kwanza naipa Shimano 105 ya waya yenye sproketi 12, toleo la R7100. Sababu kubwa si hizo 12. Ni kwamba kaseti yake ya meno 11 hadi 34 inaingia kwenye kikalio cha Hyperglide cha barabarani kilichotengenezewa sproketi 11, kwa hiyo magurudumu mazuri uliyonayo hayaachwi nyuma. Ikiwa na sproketi za mbele za meno 50 na 34, gia nyepesi kabisa ni moja kwa moja: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, takriban mita 2.1. Kwa mizunguko 60 kwa dakika huo ni mwendo wa karibu kilomita saba na nusu kwa saa, na unatosha kumpandisha mlima mkali mtu asiye mwanamashindano bila kumtoa roho. Ila ujue kwamba inakuja na breki za diski za mafuta tu. Mwenye fremu ya breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, hapa hana lake.

Mwenye fremu hiyo aende nafasi ya pili, yaani 105 ya sproketi 11 ya R7000, mpya kama bado ipo au iliyotumika vizuri. Katika gia yenyewe tofauti yake na ya kwanza ni sproketi moja, na mguu wangu hauitambui. Ukinunua iliyotumika, vuta ule mpira wa wenzo kwa nyuma, bana breki, uchungulie mahali waya unapopinda. Waya wa gia hukatika uzi mmoja mmoja hukohuko ndani, mahali jicho halifiki, na dalili ya kwanza ni gia inayokataa kutii licha ya kurekebishwa mara tatu kwa wiki. Waya wangu ulimalizikia katikati ya safari, nikarudi nyumbani na gia moja tu, ile ngumu kuliko zote. Kichwa cha waya kilichobaki ndani kilimchukua fundi nusu saa kukichomoa kwa koleo.

Ya tatu ni Tiagra ya sproketi 10, na kwa msafiri wa masafa marefu mwenye mizigo ningeweza kuipandisha. Cheni yake ni pana kidogo, haikasiriki upesi inapokutana na vumbi, na marekebisho yake yanasamehe makosa ya fundi asiye na uzoefu. Onyo moja: toleo la 4700 linavuta waya kwa kipimo tofauti na seti za sproketi 10 zilizotangulia, kwa hiyo usichanganye wenzo wa toleo hilo na kibadili gia cha zamani eti kwa sababu zote ni za 10.

Baada ya hapo ndipo naweka seti za umeme, na najua wapo watakaonishangaa. Di2 ya Shimano ilianza mwaka 2009, na SRAM ikaondoa waya wote kwa eTap mwaka 2015. Kati ya zinazoweza kufikiwa na mnunuzi wa kawaida, Rival AXS ya SRAM ndiyo naipendelea, kwa sababu betri ya kibadili gia cha nyuma ni sawa na ya mbele. Ya nyuma ikiisha njiani unazibadilishana na kuendelea. Gia huingia vilevile siku zote, hakuna waya wa kulegea. Lakini kaseti yake inaanzia meno 10 na inadai kikalio cha XDR, aina ya SRAM yenyewe, na kibadili gia cha nyuma kikigongwa kwenye jiwe unanunua mota na kompyuta yake pamoja na chuma. Kwa mwenye matatizo ya vidole au viungo vya mkono, hata hivyo, kubonyeza kitufe badala ya kusukuma wenzo kunabadilisha kila kitu, na huyo asinisikilize mimi, ainunue kwanza.

Claris ya sproketi nane na Sora ya tisa ni seti za heshima kwa baiskeli ya kwenda kazini. Dura-Ace ya Shimano na Red ya SRAM naziacha kwa wanaolipwa kuendesha.

Baiskeli za milimani

Hapa hesabu ni tofauti. Barabarani mtu hutafuta gia zilizokaribiana. Milimani anatafuta gia moja nyepesi sana na uhakika kwamba cheni haitaruka. Sproketi ya mbele ya meno 32 ikikutana na ya nyuma ya 51, mzunguko mmoja wa pedali unasogeza gurudumu la inchi 29 kama mita 1.4 tu. Kwa mizunguko 60 kwa dakika ni kilomita tano kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea, lakini bado umekaa kwenye kiti.

Kwa anayenunua baiskeli nzima, ya kwanza ni Deore ya sproketi 12, M6100. Kaseti yake ni ya meno 10 hadi 51, na kibadili gia chake kina klachi, yaani kifaa kinachozuia mkono wa kibadili gia kupigapiga kwenye mashimo, hivyo cheni hukaa. SLX na XT ni nyepesi zaidi na nyenzo zake ni laini zaidi kidoleni, lakini zinaelewana na Deore, kwa hiyo unaweza kuanza na Deore na baadaye kubadilisha wenzo peke yake ukaweka wa XT. Huo ndio ununuzi ninaoupenda.

Kwa anayeboresha baiskeli aliyonayo, jibu langu si hilo hata kidogo, kwani Deore ya 12 inadai Micro Spline, na ile kaseti ya kwenye rafu yangu ni shahidi. Huyu achukue CUES. Shimano iliitoa mwaka 2023 ili kukusanya seti zake kadhaa za ngazi za chini chini ya jina moja, na wazo lililo ndani yake limenivutia kuliko betri zote nilizozitaja. Sproketi tisa, 10 na 11 zinatumia kipimo kimoja cha kuvuta waya; kaseti za Linkglide zina meno manene zaidi, na Shimano inadai hudumu mara tatu ya zile za kawaida; na zinavishwa kwenye kikalio kilekile cha Hyperglide kilichoko kwenye mamilioni ya magurudumu. Ni nzito, hilo halifichiki. Wala sehemu zake hazichanganyiki na Deore ya sproketi 12, kwa hiyo nunua wenzo, kibadili gia, kaseti na cheni kwa pamoja au usinunue kabisa. Ila kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtengenezaji mkubwa amerudi nyuma kutoka 12 na kuuza udumifu, na mimi naona amefanya jambo la busara.

Nafasi ya tatu ni Advent X ya microSHIFT, kampuni ya Taiwani: sproketi 10, meno 11 hadi 48, klachi, kikalio cha Hyperglide. Wenzo wake una mguso mgumu kidogo, kama kitasa cha mlango mpya, lakini ukibonyezwa unatii. Ya nne ni GX Eagle ya SRAM, ambayo kwa ubora wa kubadilisha gia ingeweza kukaa juu zaidi. Kinachoishusha ni kikalio cha XD, aina nyingine ya SRAM. Mwenye habu ya Hyperglide anayetaka SRAM atazame NX, ambayo kaseti yake inaanzia meno 11 na kuingia bila shida.

Seti za Transmission, ambazo SRAM ilizileta mwaka 2023, zinafungwa moja kwa moja kwenye fremu bila kisikio, kile kipande chembamba kinachoshikilia kibadili gia cha nyuma na kupinda baiskeli ikiangukia upande wa kulia. Ni uhandisi wa kuvutia, na unadai fremu iliyotengenezwa kwa kipimo cha UDH, kiwango cha pamoja cha mahali kisikio kinapofungwa. Kwa fremu ya zamani haiwezekani, basi.

Kabla ya kulipa

Nyanyua gurudumu la nyuma, zungusha pedali, upandishe gia zote na kuzishusha huku umechutama nyuma ya baiskeli. Vigurudumu viwili vidogo vya kibadili gia vinapaswa kuwa wima kabisa chini ya sproketi; vikiegemea ndani, kisikio kimepinda, na muuzaji anayekwambia utazoea hakutakii mema. Kisha pima cheni kwa rula: kutoka pini ya kwanza, hesabu viungo 24, vikiwemo vya ndani na vya nje. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 306.3 kwenye seti ya sproketi 11 au 12, ibadilishe. Kwenye seti za 10 kushuka chini unaweza kusubiri hadi 307. Baiskeli iliyotumika ambayo cheni yake imepita hapo kwa mbali imekwisha kula kaseti pia, kwa hiyo toa thamani ya vyote viwili kwenye bei unayokusudia kutaja, na umwonyeshe muuzaji rula ikiwa bado imelala juu ya cheni.